Njiwa wa Desemba tunawafuga wenyewe kuanzia mwezi wa sita

Kila Desemba hapa Dodoma lawama ni ile ile, njiwa wamemaliza mbegu. Mtu kapanda mtama ekari zake mbili huko Mvumi au Chamwino, mvua ya kwanza imedondoka, wiki imepita anaenda shamba anakuta mistari ina mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza, na hapo hapo kesi inafungwa, mshtakiwa ni tetere aliyekaa kwenye mbuyu analia zake. Anatafutwa dogo mwenye manati, anatafutwa fundi wa mitego, na kuna wale wanaonong'ona habari za sumu ambao nitawarudia mbele. Mi sikatai kwamba njiwa anakula mbegu, anakula, tena sana. Ninachobisha ni tarehe ya kosa. Hao njiwa wa Desemba tumewalea wenyewe tangu mwezi wa sita mpaka wa tisa, kwa punje zetu wenyewe, afu tukifika kupanda tunashangaa wametoka wapi wengi hivyo.

Tuelewane kwanza tunamzungumzia nani. Siyo njiwa wa banda wale weupe na wa kijivu wanaofugwa mjini. Wanaoshuka mashambani kwetu wengi ni tetere mwenye kipete cheusi nyuma ya shingo, ndege wa kama gramu 150. Yupo mwingine mdogo zaidi, mwekundu mwekundu kifuani mwenye sauti kama anacheka kichinichini, huyo anapenda kukaa karibu na nyumba. Yupo kadogo kabisa kenye mkia mrefu, dume lake uso na koo ni nyeusi, wengi hata hawakahesabu kama njiwa. Na yupo yule mkubwa mwenye madoa meupe mabawani na ngozi nyekundu kuzunguka macho, mpenda miamba na mapaa ya maghala. Ninga, yule wa kijani, mtoeni kwenye kesi kabisa, yeye ni mtu wa matunda ya mikuyu, mtama wako haumhusu.

Sasa angalia huyu ndege anavyokula, maana nusu ya ubishi inaishia hapo. Njiwa hachakuri kwa miguu kama kuku. Kaa umtazame asubuhi kwenye shamba lililopandwa jana: anatembea hatua fupi fupi kichwa kinaenda mbele nyuma, akifika kwenye udongo uliolegea anatupa vumbi pembeni kwa mdomo, kushoto kulia, anachofunua anakidonoa, anasogea. Mdomo wenyewe ni laini, hana nguvu ya kupasua ganda wala kumenya, kila kitu anameza kizima kizima kinaenda kwenye kifuko cha shingoni na baadae firigisi ndo inasaga kwa msaada wa vijiwe anavyookota barabarani. Kwa hiyo mbegu iliyo juu ya ardhi, au iliyofunikwa na vumbi kidogo tu, hiyo ni halali yake. Mbegu iliyokaa sentimita nne au tano chini na udongo ukakanyagwa, njiwa hana habari nayo.

Ukikuta shimo, yaani udongo umefukuliwa na mbegu imetolewa, usimtafute njiwa. Huyo ni kanga, au kwale, au panya, na kama ni karanga na mahindi muulize pia kunguru na kindi. Ukikuta mche umekatwa usawa wa ardhi umelala pale pale, tafuta mdudu. Njiwa haachi shimo, anaacha usafi. Na kuna mapengo mengine ambayo hayana ndege wala panya, ni mbegu ya mwaka juzi iliyotunzwa kwenye mfuko juu ya moto ikafa, au mvua ya kwanza imekuja ikakata wiki tatu mche ukakaukia chini, na mvua yetu tunaijua, milimita mia tano mia sita kwa mwaka mzima, na siku ikitaka inaleta sehemu kubwa kwa mpigo mmoja. Haya yote tunamwandikia njiwa kwa sababu yeye ndo anaonekana.

Kesi nyingine anayobambikiwa ni ya masuke. Mtama ukianza kujaza maziwa mpaka kukomaa, jeshi linaloshuka ni kwelea kwelea, na huyo hafanani na njiwa kwa lolote. Kwelea ana gramu ishirini au chini ya hapo lakini kwa siku anapiga kama gramu kumi za punje, na haji peke yake. Kundi la kwelea milioni moja, na makundi ya namna hiyo yapo, ni tani kumi za nafaka kwa siku moja, ndo maana serikali inaingia kwenye gharama ya kurusha ndege kunyunyizia sumu kwenye malalo yao, na ndo maana wakulima wa Kondoa wengine wamechoka kulia wakaamua kuwatega na kuwafanya kitoweo. Njiwa naye suke linampendeza likishakauka, hasa mtama wa suke lililoshikana ambalo linambeba asianguke, sitamsafisha kwa hilo. Ila uzito wake wenyewe unamzuia, kwenye uwele anabembea bembea mwisho anashuka chini kuokota walichodondosha wenzake. Walaji wa kwanza ni kwelea, yeye anakuja kufuta meza.

Na hapo kwenye kufuta meza ndo nilikuwa napataka.

Ukitaka kujua njiwa anakula nini usimuulize mwenye shamba mwenye hasira, fungua kile kifuko cha shingoni. Watoto wa kijijini wanaowinda kwa manati wanajua hii elimu kuliko mabwana shamba wengi, maana wao ndo wanaowatumbua. Mpate wa jioni, wakati anaelekea kulala, kwa sababu njiwa anajaza kifuko kabla ya giza ili usagaji uendelee usiku. Ukimpata wa mwezi wa tatu au wa nne, mashamba yamefunga kijani, unakuta vitu vidogo vyeusi na vya kahawia, mbegu za mchicha pori, mbegu za nyasi za kila aina, pengine mchwa wawili watatu au kumbikumbi, na changarawe. Mtama hamna, kwa sababu wa mwaka huu haujakomaa na wa mwaka jana umeisha. Mpate wa mwezi wa saba sasa. Kifuko kimevimba kama kina uvimbe, kinagusika ngumu kwa nje, ukipasua ni mtama mweupe, uwele, alizeti na ganda lake zima, vipande vya mahindi. Hakuna aliyepanda kitu mwezi wa saba. Hivyo vyote vilishavunwa vikahesabiwa kwamba viko nyumbani.

Tunavimwaga wapi? Kila mahali. Suke linakatwa linarushwa kwenye lundo, punje zinaruka. Lundo linakaa shambani siku kadhaa linasubiri mkokoteni. Mkokoteni una matundu. Uwanja wa kupuria ni ardhi tupu iliyofagiliwa, watu wanapiga kwa fimbo, robo ya punje inayoruka nje ya duara hakuna anayeifuata, na ukipepeta upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba hauombi ruhusa, zile nyepesi zinaondoka na makapi. Alizeti ndo kabisa, vichwa vinaanikwa chini, vinapigwa, vinapakiwa kwenye viroba vilivyotoboka. Nenda soko la mahindi Kibaigwa msimu umechanganya uangalie chini, siyo juu kwenye bei, angalia chini kwenye vumbi pale magari yanaposhusha na kupakia. Utawaona njiwa wanatembea katikati ya miguu ya wapagazi hawana hata wasiwasi. Zunguka na nje ya ghala lolote la nafaka mjini uone paa limejaa nini.

Sasa njiwa anayekula vizuri hivyo anafanyaje? Anazaa. Na hapa ndo kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui kuhusu huyu ndege. Ndege wengi wala nafaka, kwelea akiwemo, makinda yao ya siku za kwanza yanataka wadudu, kwa hiyo wanategea mvua ndo wazae. Njiwa hana shida hiyo. Baba na mama wote wawili wanatengeneza kitu kama maziwa mazito kwenye kile kifuko cha shingoni na kuyalisha makinda kwa mdomo, na kinachoyatengeneza ni hizo hizo mbegu. Kwa hiyo kiangazi kwake siyo kikwazo, akiwa na punje na akiwa na maji ya kunywa karibu anataga mayai yake mawili, wiki mbili yameanguliwa, makinda yakiondoka anataga tena. Maji ni lazima maana chakula chake ni kikavu, na hayo pia tumempa, mabwawa ya mifugo na bomba za kijiji zinazovuja mwaka mzima. Piga hesabu mwenyewe kuanzia Juni mpaka Septemba.

Afu inakuja Novemba mwishoni. Huu ndo mwezi wa njaa kwa ndege wote wala mbegu, na watu wanadhani kinyume kwa sababu wanaona kijani kinaanza. Mvua za kwanza zikinyesha, zile mbegu za nyasi zilizokuwa zimelala chini kiangazi kizima zinaota zote kwa pamoja, kwa hiyo ghala la porini linafungwa ndani ya wiki moja na nyasi mpya hazijatoa mbegu bado. Kwelea wanajua hili, wanahama kabisa wakati huo kufuata maeneo ambako nyasi zimeshawahi kuzaa. Tetere wa kwetu wengi hawaondoki. Wamebaki wengi, wana njaa, punje tulizomwaga zimeisha au zimeota, na wiki hiyo hiyo sisi tunatoka na mbegu mkononi tunamwaga juu ya vumbi tunafunika kwa kisigino. Ulitegemea nini?

Hii habari ya kwamba chakula ndo kinaamua idadi ya njiwa na siyo bunduki, wenzetu Uingereza waliwahi kuipima. Wana njiwa wao wa porini mkubwa karibu mara tatu ya tetere wetu, anawasumbua mpaka leo kwenye kanola, zao lao la mafuta, na kabeji, na miaka ya baada ya vita kuu ya pili serikali yao ilikuwa inachangia gharama za risasi ili wakulima wawapige. Mtafiti mmoja, R. K. Murton, alikaa na hao njiwa miaka mingi anahesabu na kupasua vifuko, akaonyesha kwamba kuwapiga risasi majira ya baridi hakukupunguza chochote cha maana, kwa sababu wengi wa waliopigwa wangekufa kwa njaa vile vile, na waliobaki wakapata chakula cha wale waliokufa wakapona. Kilichoamua njiwa wangapi wafike msimu unaofuata ni majani ya klova, mmea wa malisho, yaliyokuwepo mashambani kipindi kigumu. Badilisha klova weka mtama wa kumwagika, badilisha baridi weka kiangazi, unapata Chamwino. Ndo maana manati ya wale madogo, kwa heshima zote, ni mboga tu. Siyo udhibiti.

Kuna watakaosema sasa tuokote punje moja moja kama vifaranga? Hapana. Na sisemi ukifagia uwanja wako wa kupuria njiwa wataisha, mbegu za magugu zipo na zitakuwepo, na tena hapo anatusaidia kidogo, maana mbegu ikipita kwenye firigisi ya njiwa mara nyingi imesagwa, haitoki nzima ikaote kwa jirani. Kidogo nimesema, palizi utapalilia tu. Ninachosema ni kwamba turubai moja la kupuria juu yake linarudisha debe zima la mtama nyumbani kwako na linaondoa debe hilo kwenye chakula cha njiwa, faida mbili kwa hela moja, wakati mtoto wa kuamia ndege anakugharimu masomo yake na njiwa wanabaki wale wale. Kuku waachieni waingie shambani mkishavuna, na kina mama wanaookota masazo msiwafukuze, wanachookota wao hakimfikii njiwa. Ng'ombe wakishaingia kula mabua wanakanyagia punje chini na zenyewe zinapotea machoni. Haya yanafanyika tayari vijijini, shida ni kwamba mwenye shamba kubwa la kisasa ndo anayavunja, anavuna kwa mashine iliyosetiwa vibaya inamwaga nyuma, halafu anaweka uzio na mlinzi mtu asiguse, njiwa peke yake ndo anaruka juu ya uzio.

Na kupanda kwenyewe kuna mambo. Wale wa kupanda kwenye vumbi kabla ya mvua, naelewa kwa nini, ukichelewa wiki Dodoma umechelewa mwaka, ila mbegu inakaa chini siku nyingi inasubiri, kila siku njiwa ana nafasi mpya. Shimo liwe la kweli, siyo kukwaruza, udongo urudi na ukanyagwe. Kijiji kikipanda wiki moja hasara inagawanyika, ukitangulia peke yako umeandaa karamu ya njiwa wa kata nzima. Ulinzi uwe wa siku kumi za kwanza, asubuhi kukianza kupambazuka mpaka jua likali, na tena kuanzia saa kumi jioni. Mchana wanapumzika kivulini, na wewe kapumzike. Mtama ukishachipua mche ukanyanyuka, punje chini imeshaliwa na mche wenyewe na njiwa anapoteza hamu. Alizeti na choroko usiziamini haraka hivyo, yale majani mawili ya kwanza mazito ni chakula pia, Argentina wana njiwa wao wa porini anayewamalizia miche ya alizeti kwa kunyofoa majani hayo hayo. Utepe wa kaseti za zamani unaopiga kelele kwa upepo unafanya kazi siku chache afu wanauzoea, sanamu la shati la babu wanalizoea hata mapema zaidi, kwa hiyo usivitundike mwezi mzima kabla, vitunze kwa zile siku kumi.

Aina ya mbegu inasaidia kwenye suke, chini haisaidii sana. Mtama wa kahawia kama Serena una ukakasi, ndege wanaukwepa wakipata mwingine, ila wanywaji wa bia na walaji wa ugali mweupe wanataka mtama mweupe kama Macia na wenzake, na ndege naye ladha yake ni hiyo hiyo. Mkulima anachagua soko, sawa, ajue tu na kwamba amechagua wageni.

Huwa nacheka nikisoma habari za mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, 1947 mpaka 1951, pauni zaidi ya milioni thelathini zikazama kwenye udongo ambao ukikauka unakuwa saruji na mvua ambayo hawakuiuliza wenyeji. Walilaumu matrekta, walilaumu udongo, walilaumu ukame, walilaumiana wao kwa wao bungeni. Njiwa hayumo. Nadhani ndo shamba pekee kuwahi kufeli wilaya ile bila kumtaja njiwa.

Sasa hao wa sumu. Kuna mtu anachukua dawa ya wadudu anachanganya na mtama anamwaga kandokando ya shamba, jioni anaokota njiwa, na wengine wanaenda jikoni. Magharibi mwa Kenya, Bunyala kwenye mpunga, hili lilifanyika kwa kabofurani na ndege wakaliwa na kuuzwa, dawa ambayo kazi yake ni kuvuruga mishipa ya fahamu na haichagui kati ya ndege na mtu. Lakini hata wewe ambaye hujatega sumu kumbuka mbegu ya dukani ile ya pinki au nyekundu, rangi ile siyo urembo, ni alama ya kwamba imepakwa dawa ya fangasi na ya wadudu. Iliyomwagika pembeni ya shimo fukia, mifuko usioshe ukawekea unga. Watoto wasile njiwa waliopigwa shambani wiki za kupanda, wangoje mpaka miche isimame, na ukikuta tetere amekufa kando ya shamba bila jeraha mfukie chini, usimrushie mbwa.